Muuza konyaki aliyewakalisha Wafaransa na Wajerumani upande mmoja wa meza

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa. Kila kitabu kinamtaja Jean Monnet kama baba wa Ulaya iliyoungana, lakini nikitafuta uchaguzi alioshinda, siuoni. Alikuwa muuza pombe, hakumaliza shule, hakuwa waziri mkuu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nataka kuelewa mshindo huu ulitoka wapi. Tena, nisaidie: diplomasia ya kimya kimya inatofautianaje na njama za gizani?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na sehemu ya kwanza ya swali lako, kwa kuwa ile ya pili haijibiki mpaka tuone kwanza mtu huyu alifanya nini hasa.

Jean Monnet alizaliwa tarehe 9 Novemba 1888 mjini Cognac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mji huo ndio ulioipa jina pombe yake kali ya zabibu, na neno letu konyagi asili yake ni hukohuko. Baba yake, Jean-Gabriel, aliongoza kampuni ya kuuza konyaki. Ukisikia "muuza pombe" usimfikirie mtu wa kaunta. Konyaki hulala kwenye mapipa ya mwaloni miaka mingi, nyingine miongo, na anayeiweka leo huenda asiwe ndiye atakayeiuza. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo anazoea mapema kwamba kuna mambo hayaharakishwi. Soko nalo lilikuwa nje ya nchi. Wateja kutoka Uingereza na kwingineko walikaribishwa mezani kwa akina Monnet, na habari za dunia kijana alizipata kwenye chakula cha jioni kabla ya kuzipata magazetini.

Aliacha shule akiwa na miaka 16. Baba akampeleka London akae miaka miwili na mfanyabiashara wa mvinyo, ajifunze Kiingereza na mwenendo wa wenye fedha wa jiji lile. Alipofika miaka 18 alitumwa Kanada kuuza bidhaa ya nyumbani. Wosia wa baba siku ya kuondoka aliukumbuka hadi uzeeni: usibebe vitabu, hakuna atakayefikiri kwa niaba yako; tazama nje ya dirisha, zungumza na watu, msikilize aliye karibu nawe. Kule Calgary alimuuliza mtu asiyemjua namna ya kupata usafiri. Yule mtu akamwonyesha farasi wake, akamwambia amchukue, na akirudi amfunge palepale. Kijana wa Cognac, mji ambao kila nyumba ya konyaki iliificha siri yake isifike kwa jirani, alishangaa sana. Kisa hiki alikisimulia maisha yake yote. Ninakitaja kwa sababu ndicho kilichompa imani kwamba watu wasiofahamiana wanaweza kutumia kitu kimoja bila kuibiana, ilimradi utaratibu uwe wazi.

Sasa twende Septemba 1914. Wajerumani wameikaribia Paris, serikali ya Ufaransa imekimbilia Bordeaux. Monnet ana miaka 25, na jeshi limemkataa kwa sababu ya ugonjwa wa figo. Kupitia wakili aliyekuwa rafiki wa familia anapata nafasi ya kumwona Waziri Mkuu, René Viviani. Anamweleza jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angeliona na ambalo majenerali hawakuwa wameliona: Uingereza na Ufaransa zinapigana upande mmoja, lakini sokoni ni washindani. Kila moja inanunua ngano kivyake na kukodi meli kivyake, kwa hiyo zinapandishiana bei zenyewe. Viviani akamtuma London.

Usidhani mambo yalikwenda kasi. Ngano ilisubiri hadi mwishoni mwa 1916 ndipo kikapatikana chombo cha pamoja cha kuinunua. Meli zilisubiri hadi mwanzoni mwa 1918, baada ya nyambizi za Kijerumani kuzamisha nyingi kiasi cha kuwatia hofu wakubwa wote. Katikati ya hapo Monnet alitumia alichokuwa nacho, yaani watu aliowajua kibiashara. Hudson's Bay, kampuni kongwe ya Kiingereza iliyofanya biashara Kanada na ambayo familia yake iliiuzia konyaki, ikawa wakala wa serikali ya Ufaransa wa kununua na kusafirisha mahitaji ya vita. Na alipata mwenzake wa Kiingereza, Arthur Salter, aliyeona mambo kama yeye. Wawili hao walikuwa watumishi wa ngazi ya kati, bila cheo cha kutisha mtu.

Hapa ndipo penye ufunguo wa kazi yake. Ukitaka kumwelewa Monnet, shika neno moja la wahasibu: mizania. Kila alipoingia kwenye mgogoro, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa karatasi moja yenye safu mbili, tunachohitaji na tulicho nacho, kwa pande zote kwa pamoja. Inaonekana jambo dogo. Lakini serikali mbili zinapokubali kuandika mahitaji yao kwenye karatasi moja, tayari zimekiri kwamba tatizo ni lao wote. Ubishi wa nani mkubwa unarudi nyuma, pengo la tani na meli linabaki mbele ya macho. Mwenyewe alipenda kusema kwamba watu wakae upande mmoja wa meza, tatizo liwekwe upande wa pili.

Baada ya vita aliteuliwa Naibu Katibu Mkuu wa Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa wa leo, chini ya Katibu Mkuu Eric Drummond, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Alishughulikia mgawanyo wa Silesia ya Juu kati ya Ujerumani na Poland, na mpango wa 1922 wa kuinusuru Austria isifilisike. Zile zilikuwa kazi nzuri. Lakini alichoondoka nacho kule ni uchungu wa kuona nchi moja ikisema "hapana" na shughuli yote inasimama. Kanuni ya kila mtu lazima akubali ilimwandama kichwani kwa miaka 30, na utaona alivyokuja kuikwepa.

Mwaka 1923 alijiuzulu, akarudi Cognac kuiokoa kampuni ya baba yake iliyokuwa inazama. Vitabu vingi vinasema aliacha biashara akaingia siasa, nami siafiki. Mpaka huo aliuvuka mara nyingi, kwenda na kurudi. Kuanzia 1926 alikuwa na benki ya uwekezaji ya Kimarekani, Blair & Co., akishiriki kupanga mikopo ya kuimarisha sarafu ya Poland mwaka 1927 na ya Romania mwaka 1928. Alipata utajiri mkubwa kwenye hisa za Marekani, kisha akaupoteza karibu wote soko lilipoanguka. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa China, akitafuta namna ya kuunganisha mitaji ya Wachina na ya wageni kwa ajili ya reli.

Hata ndoa yake ilihitaji diplomasia. Alimpenda Silvia de Bondini, mchoraji wa Kiitaliano, ambaye alikuwa mke wa mtu, na sheria za Italia hazikuruhusu talaka. Baada ya kuhangaika nchi kadhaa, Novemba 1934 wawili hao walikutana Moscow, yeye akitokea China, Silvia akitokea Ulaya Magharibi. Sheria za Kisovieti zikampa Silvia talaka, na ndoa ikafungwa papo hapo. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo.

Nimekupitisha haraka kwenye miaka hiyo ya benki, lakini usiidharau, kwa maana ndiyo iliyompa marafiki. John Foster Dulles, John McCloy, na wengine wengi waliokuja kushika dola ya Marekani, aliwafahamu walipokuwa mawakili na watu wa benki. Aliwafahamu kwa kufanya nao kazi usiku kucha juu ya mikataba, si kwa kupiga nao picha kwenye hafla. Mwanadiplomasia wa kawaida humfahamu mtu kwa cheo chake, cheo kikiisha na urafiki umekwisha. Monnet aliwafahamu kabla ya vyeo.

Vita vya pili vilipokaribia, serikali ya Waziri Mkuu Daladier ilimtuma Marekani mwaka 1938 kuangalia uwezekano wa kununua ndege za kivita. Rais Roosevelt alimpokea nyumbani kwake Hyde Park. Mwishoni mwa 1939 akawa mwenyekiti wa kamati ya kuratibu mahitaji ya Uingereza na Ufaransa, akiwa London, kazi ileile ya 1914 lakini safari hii bila kusubiri miaka miwili.

Juni 1940 Ufaransa ikaanguka. Monnet alikuwa miongoni mwa walioandika pendekezo ambalo hadi leo ukilisoma unashtuka: Uingereza na Ufaransa ziwe nchi moja, uraia mmoja, serikali moja ya vita. Churchill alikubali. De Gaulle, jenerali wa Kifaransa aliyetaka vita viendelee na ambaye hakuwa mtu wa kuuza mamlaka ya nchi yake, alikubali pia na kulisoma kwa simu kwenda Bordeaux tarehe 16 Juni. Jioni hiyohiyo Waziri Mkuu Reynaud akajiuzulu, Pétain, aliyetaka kusimamisha vita na Wajerumani, akashika nafasi, na karatasi ikawa haina mwenyewe. Ninaamini Monnet alijifunza hapo kwamba wazo likifika mapema mno au likachelewa kwa saa chache, ubora wake haulisaidii.

Alichofanya baadaye ni jambo adimu. Hakubaki na de Gaulle, hakwenda kwa Pétain. Aliomba kuitumikia serikali ya Uingereza, Churchill akatia saini pasi yake, na Mfaransa huyu akaenda Washington kama ofisa wa Baraza la Ugavi la Uingereza. Kule aliingia tena na mizania yake: Marekani inazalisha silaha kiasi gani, Uingereza ina kiasi gani, Ujerumani ina kiasi gani, na pengo ni lipi. Aliwasukuma Wamarekani walenge uzalishaji ambao wao wenyewe waliona ni ndoto. Siku moja alitumia maneno "ghala la silaha la demokrasia" mbele ya jaji Felix Frankfurter, mtu wa karibu wa Roosevelt. Frankfurter akamwomba asiyatamke tena mahali popote, ili Rais ayatumie. Desemba 1940 Roosevelt akayatamka redioni, na dunia nzima inamkumbuka yeye kwayo. Monnet aliridhika kabisa. Kwake maneno yalikuwa yamefika yalikotakiwa kufika.

Mwaka 1943 alitumwa Algiers, ambako Wafaransa walikuwa na majenerali wawili waliogombea uongozi: Giraud, aliyependwa na Wamarekani, na de Gaulle, ambaye Roosevelt hakumwamini. Monnet alikwenda kama mshauri wa Giraud. Hotuba ya Giraud ya tarehe 14 Machi, iliyotupilia mbali sheria za utawala wa Vichy, yaani serikali ya Pétain iliyoshirikiana na Wajerumani, ilikuwa na mkono wa Monnet, na Giraud mwenyewe aliiita hotuba ya kwanza ya kidemokrasia maishani mwake. Hotuba hiyo iliondoa kisingizio cha pande mbili kutokaa pamoja. Tarehe 3 Juni ikaundwa Kamati ya Ukombozi wa Taifa yenye wenyeviti wawili. Miezi michache baadaye de Gaulle alibaki peke yake kileleni. Monnet, aliyekuja kwa tiketi ya Giraud, hakulia. Alichotaka kilikuwa Ufaransa moja.

Baada ya ukombozi de Gaulle alimkabidhi Tume ya Mipango, iliyoundwa tarehe 3 Januari 1946. Sharti la Monnet lilikuwa kwamba asiwe chini ya wizara yoyote, awajibike kwa mkuu wa serikali moja kwa moja. Sharti hilo lina maana kubwa. Serikali za Ufaransa zama hizo zilianguka kama maembe wakati wa upepo, na mawaziri waliondoka nazo. Monnet hakuwa na kiti cha kuangushwa. Ofisi yake ilikuwa mtaa wa Martignac, Paris, yenye watu wachache na chumba cha kulia, kwa sababu aliamini watu wakila pamoja mjadala haukatiki saa sita mchana. Vyama vya wafanyakazi, wenye viwanda na watumishi wa serikali wote walikaa kwenye kamati zake.

Tumefika 1950, na hapa nitakaa kidogo.

Hali ilikuwa hivi. Ujerumani Magharibi ilikuwa inainuka, na viwanda vyake vya bonde la Ruhr vilitaka kuzalisha chuma cha pua zaidi ya kiwango ilichowekewa. Wamarekani, wakihofia Warusi, walielekea kuruhusu. Wafaransa waliogopa, maana chuma kile na makaa yale ndiyo yaliyotengeneza mizinga iliyowapiga. Tarehe 10 Mei mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani, Uingereza na Ufaransa wangekutana London, na waziri wa Ufaransa, Robert Schuman, alikuwa ameombwa na wenzake aje na sera juu ya Ujerumani. Hakuwa nayo. Wizara yake ilijua kusema hapana tu, na hapana hiyo ilikuwa inaelekea kushindwa.

Monnet alirudi kutoka matembezi ya majuma mawili hivi katika milima ya Alps akiwa na wazo. Wakati kiongozi hajui la kufanya, na siku imeshapangwa, ndipo mtu mwenye karatasi iliyo tayari anasikilizwa. Aliwaita watu watatu: mwanasheria Paul Reuter, na wasaidizi wake Étienne Hirsch na Pierre Uri. Waliandika rasimu, wakaichana, wakaandika nyingine, wakafikia ya tisa. Kiini chake: uzalishaji wote wa makaa ya mawe na chuma cha pua wa Ufaransa na Ujerumani uwekwe chini ya Mamlaka Kuu moja, ambayo maamuzi yake yatazifunga nchi wanachama, na nchi nyingine za Ulaya zikaribishwe kujiunga. Unaona alivyolipa deni la Shirikisho la Mataifa? Hakuna tena nchi moja kusimamisha shughuli yote. Na vita kati ya nchi hizo mbili, badala ya kukatazwa kwa kiapo, ingekosa malighafi.

Rasimu moja ilipelekwa kwa Waziri Mkuu Bidault, ikakaa ofisini kwake bila kushughulikiwa. Nyingine alipewa Bernard Clappier, mkuu wa ofisi ya Schuman, ambaye alimkabidhi bosi wake kwenye kituo cha treni, Ijumaa tarehe 28 Aprili, Schuman akielekea nyumbani kwake karibu na Metz kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Jumatatu Clappier alimsubiri palepale kituoni. Schuman akamwambia ameisoma na ataisimamia.

Angalia ni nani aliyepelekewa. Schuman alizaliwa Luxembourg, familia yake ilitoka Lorraine wakati jimbo hilo liko chini ya Ujerumani, na hadi baada ya vita vya kwanza alikuwa raia wa Ujerumani. Jambo hili lilimgusa kuliko lingemgusa Mparisi. Na Schuman ndiye aliyebeba hatari. Wazo likikataliwa, ni yeye angezomewa bungeni. Kwa hiyo Monnet aliona ni haki sifa nayo iwe yake, na hadi leo tunaliita Azimio la Schuman.

Siku zilizofuata zilipangwa kama saa. Tarehe 7 Mei, Dean Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipopita Paris, aliambiwa. Asubuhi ya tarehe 9, baraza la mawaziri likiwa linakutana Paris, mjumbe alikuwa Bonn na barua ya Schuman kwa Kansela Adenauer. Adenauer alikubali mara moja, simu ikapigwa, na ndipo Schuman akalifungulia baraza jambo lenyewe. Kamishna Mkuu wa Marekani nchini Ujerumani wakati huo alikuwa John McCloy, yuleyule wa siku za mikataba ya benki. Jioni saa 12, katika ukumbi wa saa wa wizara ya mambo ya nje, Schuman aliwasomea waandishi wa habari. Haraka ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka wapiga picha, na picha unayoiona vitabuni ilipigwa baadaye kwa kuigiza tukio.

Mkataba ulitiwa saini Paris tarehe 18 Aprili 1951 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Agosti 1952 Mamlaka Kuu ilianza kazi Luxembourg, Monnet akiwa rais wake wa kwanza.

Sasa swali lako la pili, la kimya na njama.

Kimya cha Monnet kilikuwa na mwisho, nacho kilipangwa tangu mwanzo. Rasimu ilifichwa kwa majuma matatu hivi ili isiuawe na wizara na magazeti kabla haijatamkwa. Baada ya hapo ilisomwa hadharani, ikajadiliwa na nchi sita kwa miezi mingi, ikapelekwa kwenye mabunge sita, na kila bunge lilikuwa na uwezo wa kuitupa. Mwenye njama hana siku ya kusoma hadharani. Anataka jambo litimie bila wewe kujua limetimia. Tena Monnet alifichua mapema kwa yule ambaye angeumia zaidi akishtukizwa, yaani Adenauer. Diplomasia ya kimya isiyomwambia mwathirika wake mkuu naiita hila, hata ikiwa na nia njema.

Lakini sitakuficha mapungufu, maana yapo. Waingereza hawakuambiwa kabla, na waziri wao wa mambo ya nje, Ernest Bevin, alikasirika sana. Walikataa kujiunga, na ilichukua hadi 1973 kuingia kwenye jumuiya. Kuna na sentensi moja katika Azimio ambayo huwa nawaomba wanafunzi wangu waisome mara mbili. Inasema Ulaya, ikishapata uwezo zaidi, itaweza kuendeleza mojawapo ya kazi zake kubwa, maendeleo ya bara la Afrika. Sentensi hiyo iliongezwa na René Mayer, waziri na mbunge wa Constantine, Algeria. Mwaka 1950 karibu bara lote lilikuwa chini ya wakoloni. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa kama anataka kuwa kazi ya mtu. Karatasi iliyoandikwa na wachache kwenye chumba kidogo hubeba pia upofu wa waliomo chumbani, na hiki si kitu cha kumsamehe Monnet kirahisi kwa kuwa tu wazo lake la chuma lilikuwa zuri.

Kisha kuna jeshi. Oktoba 1950, vita vya Korea vikiwa vimeanza na Wamarekani wakidai Wajerumani wapewe tena silaha, Monnet alirudia mbinu ileile. Aliandika mpango wa jeshi moja la Ulaya, akampa Waziri Mkuu René Pleven, nao ukaitwa Mpango wa Pleven. Mkataba ukasainiwa Mei 1952. Tarehe 30 Agosti 1954 bunge la Ufaransa likauzika kwa kura 319 dhidi ya 264, kwa hoja ya utaratibu tu, bila hata kuujadili wenyewe, na washindi wakaimba wimbo wa taifa ukumbini. Kwa maoni yangu hili ndilo somo kubwa kuliko lile la 1950. Makaa ya mawe yanaweza kuandaliwa kimya kimya na kupelekwa bungeni yakiwa tayari, kwa sababu raia hana uchungu na tani za makaa. Mwanawe aliyevaa sare ni jambo jingine. Hapo mzazi anataka kuulizwa mwanzoni, na wataalamu wanne wenye rasimu nzuri hawawezi kuulizwa kwa niaba yake.

Monnet aliligundua hilo, nadhani, kuliko wafuasi wake wengi. Novemba 1954 alitangaza kwamba hataongeza muda kwenye Mamlaka Kuu ili awe huru kusema na kutenda. Oktoba 1955 akaunda Kamati ya Utendaji kwa ajili ya Muungano wa Nchi za Ulaya, na safari hii hakualika watu binafsi. Alialika vyama vya siasa na vyama vya wafanyakazi, viongozi wao wakiingia kwa jina la vyama. Ushindi wake mkubwa hapo ulikuwa kuwapata Wasoshalisti wa Ujerumani, ambao mwaka 1951 walikuwa wamepinga mkataba wa makaa na chuma. Kura zao zilihesabika sana Mkataba wa Roma wa 1957, ulioanzisha soko la pamoja la nchi zile sita, ulipofika bungeni. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe aliweka matumaini zaidi kwenye jumuiya ya nishati ya nyuklia kuliko soko la pamoja, na hapo alikosea. Soko ndilo lililokua.

De Gaulle aliporudi madarakani mwaka 1958, wawili hao walikuwa wameshaachana kimawazo. Jenerali aliwahi kumdhihaki kwa kumwita "mhamasishaji", bila kumtaja jina. Monnet hakuingia kwenye malumbano. Aliendelea kuandika, kusafiri, kuwapigia simu watu wa pili na wa tatu ofisini, wale wanaoandika karatasi ambazo wakubwa hutia saini. Kama unataka kazi ya kumtafiti, anzia kwa watu hao: Clappier, Uri, Hirsch. Majina yao hayako kwenye sanamu yoyote unayoijua, lakini bila wao hakuna Monnet.

Kamati aliifunga tarehe 9 Mei 1975, miaka 25 kamili tangu siku ya ukumbi wa saa, akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka uliofuata wakuu wa nchi za jumuiya, waliokutana Luxembourg, walimpa hadhi ya Raia wa Heshima wa Ulaya, wa kwanza kuipata. Alifia Houjarray, magharibi mwa Paris, tarehe 16 Machi 1979, katika nyumba ya paa la nyasi aliyoinunua mwaka 1945, ile ambayo kila asubuhi alitoka kutembea kwa miguu kabla hajaongea na mtu, na ambayo ndani yake rasimu nyingi za Aprili 1950 zilichanwa na kuandikwa upya.